Mwacheni Mtoto Aseme “It’s me”

Mtoto akibisha mlango wa ofisi ya walimu, akaulizwa kwa Kiingereza ni nani, akajibu “It’s me”, huenda akasahihishwa kabla hajaeleza shida iliyomleta. Ataambiwa kwamba jibu la mtu aliyesoma ni “It is I”. Akithubutu kuuliza sababu, ataelezwa kwamba baada ya “is” panatakiwa kiwakilishi chenye umbo la kiima, kwamba “me” ni umbo la yambwa, yaani la mtendewa, na kwamba hapa hakuna aliyetendwa lolote. Atatoka akiamini mambo mawili: kwamba amevunja sarufi, na kwamba Waingereza na Wamarekani anaowasikia redioni na kwenye filamu wakisema “it’s me” hawaijui lugha yao wenyewe. Yote mawili si kweli, na fundisho lililoyazaa limekaa katika madarasa yetu muda mrefu mno.

Fundisho hili lina watetezi wengi, na baadhi yao ni walimu hodari waliosomesha watoto wa watu kwa moyo safi. Sina ugomvi na nia yao. Ugomvi wangu ni na sheria wanayoilinda, kwa sababu haikutoka ndani ya Kiingereza. Iliingizwa na watu wanaojulikana, katika miaka inayojulikana, ilhali Kiingereza kilikuwa na utaratibu wake tayari. Sisi tumeipokea, tumeikariri, na tunawakata watoto alama kwa ajili yake.

Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa lugha ya miisho mingi. Nomino zilibadilika kulingana na kazi yake katika sentensi, na viwakilishi vilevile. Mtu wa zama hizo alipotaka kusema kwamba ni yeye, alisema “ic hit eom”, kitenzi kikifuata nafsi ya msemaji. Katika karne ya 14, zama za Chaucer, watu walisema “it am I”. Kitenzi ni “am”, maana “I” ndiyo iliyokuwa kiima cha kweli, hata kama ilikaa mwishoni. Baadaye “it” ikashika nafasi ya kiima, kitenzi kikageuka kuwa “is”, na “I” ikabaki nyuma ya kitenzi, mahali ambapo Kiingereza huweka yambwa. Kufikia karne ya 16 walikuwapo waliosema “it is me”, nao hawakuwa wavivu wala wajinga. Miisho ya nomino ilikuwa imekwisha kufa, na kazi ya kueleza nani katenda na nani katendwa ilikuwa imehamia kwenye mpangilio wa maneno: kabla ya kitenzi ni mahali pa kiima, baada ya kitenzi ni mahali pa yambwa. Kiwakilishi kilichojikuta upande wa pili kikachukua umbo la upande huo.

Kisha wakaja wanasarufi wa karne ya 18. Robert Lowth alikuwa padri wa Kanisa la Anglikana, mtaalamu wa Kiebrania, aliyewahi kuwa profesa wa ushairi huko Oxford na ambaye baadaye akawa Askofu wa London. Mwaka 1762 alitoa kitabu kidogo cha sarufi ya Kiingereza. Alikuwa msomi wa kweli, na kitabu chake kina mengi mazuri. Lakini elimu ya lugha ya wakati wake ilisimama juu ya Kilatini, na katika Kilatini kitenzi cha “kuwa” hutaka pande zake mbili ziwe na umbo moja. Lowth akaichukua sheria hiyo akawapimia waandishi wa Kiingereza, wakubwa kwa wadogo. Hata wafasiri wa Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 hawakunusurika: aliwaona wamekosea kuandika “whom” mahali ambapo kwa hesabu yake palistahili “who”. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na mji wa York, akachapisha sarufi yake kwa ajili ya shule ya wasichana, akichota sana kutoka kwa Lowth. Kitabu hicho kilichapwa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki, na katika karne ya 19 kizazi baada ya kizazi cha walimu kilifundishwa kwamba “it is me” ni aibu. Fundisho hilo ndilo lililosafiri na shule za Waingereza mpaka makoloni.

Hata wakati huo palikuwa na aliyepinga. Joseph Priestley, yule yule anayekumbukwa kwa kuigundua oksijeni mwaka 1774, aliandika sarufi ya Kiingereza iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1761, mwaka mmoja kabla ya ile ya Lowth. Alikiri kwamba wanasarufi wote wanataka umbo la kiima baada ya kitenzi cha kuwa. Kisha akaeleza kwamba usemi wa kawaida wa watu, pamoja na mifano ya baadhi ya waandishi bora, vinaelekea kwenye kanuni iliyo kinyume, na kwamba kwa uchache tuachiwe hiari ya kuchagua. Hiyo ni tabia ya mwanasayansi: kutazama kwanza kilichopo, ndipo kuandika kanuni. Shule zilimfuata Lowth na Murray, na Priestley akabaki kusomwa na wataalamu wachache.

Watetezi wa “It is I” wakibanwa kwenye historia huhamia kwenye mantiki. Husema “is” ni kama alama ya sawasawa katika hesabu, kwa hiyo kilicho kushoto lazima kilingane na kilicho kulia. “It” ni kiima, basi kinachofuata nacho kiwe na umbo la kiima. Hoja hii ina uzito mpaka uipeleke kwenye lugha ya pili. Wafaransa husema “c’est moi”, na hakuna mwalimu wa Paris anayemtaka mtoto aseme “c’est je”. Watu wa Denmark husema “det er mig”, kwa umbo la yambwa. Jirani zao Waswidi husema “det är jag”, kwa umbo la kiima, na lugha hizi mbili ni ndugu wa karibu kiasi kwamba wenyeji huweza kusomeana magazeti. Mantiki ni moja duniani kote. Kama ndiyo ingeamua jambo hili, Copenhagen na Stockholm zingesema namna moja. Kinachoamua ni mazoea ya kila lugha.

Na kwa wale waliokaa chuoni wakasoma nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu, ushahidi uko karibu zaidi. Mwanafunzi yeyote aliyefika mlango wa “kana na dada zake” anajua kwamba kitenzi “kana”, ambacho maana yake ni kuwa, hukipa kiima chake rafa, yaani umbo la kiima, na hukipa nasba, yaani umbo la mtendewa, kile kinachokielezea kiima hicho. Yaani lile neno ambalo mwalimu wa Kiingereza anasema haliwezi kwa mantiki kuvaa umbo la mtendewa, katika Kiarabu huvaa umbo hilo hilo. Mtu anayeshikilia kwamba kitenzi cha kuwa ni alama ya hesabu itambidi aseme pia kwamba wanazuoni wa Kiarabu, waliojenga mojawapo ya elimu kubwa kabisa za sarufi duniani, waliacha kosa la hesabu katikati ya lugha yao bila kuliona.

Kiarabu kina pia kisa ambacho naona kila mwalimu wa Kiingereza angefaidika kukijua, kwa sababu kinahusu jambo hili hasa. Inasimuliwa katika vitabu vya nahau kwamba mwishoni mwa karne ya 8 Sibawayhi, mwanasarufi mkubwa wa Basra, alifika Baghdad kulumbana na al-Kisai, kiongozi wa wanasarufi wa mji wa Kufa, mbele ya waziri Yahya bin Khalid wa ukoo wa Barmaki. Sentensi waliyogombania ilihusu nge na nyigu. Mtu alikuwa akidhani kwamba nge huuma vikali kuliko nyigu, kumbe huyu ni sawa na yule. Swali lilikuwa kuhusu kiwakilishi cha mwisho. Baada ya “huwa”, mtu aseme “hiya”, kwa umbo la kiima, au aseme “iyyaha”, kwa umbo la mtendewa? Sibawayhi alishikilia “hiya” peke yake. Al-Kisai akasema Waarabu husema yote mawili. Walipokosa kuafikiana wakaitwa Mabedui waliokuwa mlangoni, watu waliosadikiwa kuwa na Kiarabu safi cha jangwani, nao wakamuunga mkono al-Kisai. Sibawayhi aliondoka Baghdad kwa huzuni akarudi Uajemi, na inasemwa hakuishi sana baada ya hapo. Mpaka leo mjadala huo huitwa suala la nyigu.

Wafuasi wa Sibawayhi wamedai tangu zamani kwamba Mabedui wale walihongwa. Inawezekana. Lakini tazameni ni jambo gani ambalo pande zote mbili zilikubaliana. Hakuna aliyesema Bedui hana neno katika sarufi. Hakuna aliyefungua kitabu cha Kigiriki akasema Wagiriki husema hivi, basi na Waarabu waseme hivi. Na hata kama hongo ilitolewa, anayemhonga shahidi amekwisha kukubali kwamba kauli ya shahidi ndiyo itakayoamua. Sisi katika suala la Kiingereza tuna mashahidi wanaohesabika kwa mamia ya mamilioni, kuanzia Glasgow hadi Sydney, wote wakisema “it’s me”, na hakuna aliyewapa hata senti. Bado tunatoa hukumu dhidi yao kwa sheria ya mwaka 1762.

Wapo wanaoogopa kwamba umbo la yambwa likiruhusiwa kuingia mahali pa kiima, mipaka yote itavunjika na lugha itakuwa shaghalabaghala. Hao nawaomba walitazame neno “you”. Zamani Kiingereza kilitofautisha “ye” na “you” kama kinavyotofautisha “I” na “me”. “Ye” ilikuwa ya kiima, “you” ilikuwa ya mtendewa. Biblia ya mwaka 1611 bado inaitunza tofauti hiyo kwa uangalifu. Lakini katika usemi wa watu “you” ilikwisha kuanza kupanda, na katika karne ya 16 na ya 17 iliichukua nafasi ya “ye” moja kwa moja. Leo profesa wa Cambridge, jaji wa London na mwalimu mkali kuliko wote wa Dodoma wanasema “you are” bila kusita. Kwa kipimo wanachotumia kuihukumu “it’s me”, wamefanya kosa kubwa zaidi, maana wameweka umbo la yambwa mbele kabisa ya kitenzi, sawasawa na mtu ambaye angesema “me am”. Hakuna kilichoporomoka. Shakespeare aliandika tamthilia zake katikati ya mabadiliko hayo hayo. Naye Murray alikuwa Mkweka, yaani muumini wa dhehebu la Kikristo la Quaker, na katika jamii za Wakweka wa Marekani neno “thee”, ambalo ni umbo la mtendewa, lilikuja kutumika kama kiima na watu wacha Mungu walioheshimika.

Sisemi kwamba Kiingereza hakina sheria hapa. Kinayo, ni fupi, na msemaji wa Kiswahili yuko mahali pazuri kuielewa kuliko msomi yeyote wa Kilatini.

Kiswahili kina njia mbili za kumtaja msemaji. Kuna neno “mimi”, linalosimama peke yake, na kuna kiambishi “ni-”, ambacho hakisimami peke yake hata siku moja. Lazima kishikane na kitenzi: ninasoma, nilikuja, nitaondoka. Ukiulizwa nani anataka chai, utajibu “mimi”. Huwezi kujibu “ni-” ukanyamaza. Ukijiunganisha na mwenzako utasema “mimi na Asha”, maana kiambishi hakiunganishwi na “na”. Ukitaka kusisitiza utatanguliza “mimi” kisha kiambishi kifanye kazi yake ndani ya kitenzi: “mimi nitakwenda”. Na ukibisha hodi utasema “ni mimi”, ambapo “ni” ya mwanzo ni kitenzi kishirikishi, ndugu wa “is”.

Sasa geukia Kiingereza. Mtu akiuliza “Who wants tea?”, jibu la neno moja ni “Me”. Hata mtetezi mkali wa “It is I” hajibu “I” akaishia hapo; akitaka kuitumia “I” itambidi ailetee kitenzi, aseme “I do”. Mwenzako akisema amechoka, unajibu “me too”. Ukiambiwa ukacheze dansi na hujawahi, unashangaa: “Me, dance?” Ukiandika chini ya picha yako ya utotoni, unaandika “me at six”. Ukijieleza undani wako, ni “the real me”. Katika sentensi hizi zote hakuna aliyetendwa lolote, na katika zote umbo ni “me”. “I” hujitokeza pale tu inapokuwa kiima cha kitenzi chenye njeo: “I want”, “I went”, “I do”. Kitenzi kikipoteza njeo, kama katika “Me, dance?”, “I” nayo hutoweka. Yaani “I” ya Kiingereza ina tabia ya “ni-” yetu, na “me” ina tabia ya “mimi”. Umbo la kawaida la kiwakilishi cha Kiingereza, linalotumika pasipokuwa na sababu ya kutumia jingine, ni “me”, “him”, “her”, “us”, “them”. Ni “I”, “he”, “she”, “we” na “they” ndizo zenye kazi moja maalumu.

Ulinganisho huu una mipaka yake, na ni haki kuitaja. “Me” hufanya pia kazi ya “-ni-” ya katikati ya kitenzi, kama katika “ananipenda”, kazi ambayo “mimi” haiwezi kuifanya peke yake. Tena “I” inaweza kutenganishwa na kitenzi kwa neno kama “often”, wakati “ni-” haitengani na kitenzi chake kamwe. Mipaka hiyo haiathiri swali lililo mbele yetu. Baada ya “is” hakuna kitenzi chenye njeo kinachoitaka “I” iwe kiima chake. Kiima tayari ni “it”. Kwa hiyo linakuja umbo la kawaida.

Hapa ndipo ninapoumia. Mtoto wa Tanga au wa Machakos anakuja darasani akiwa na hisia iliyo sahihi kabisa, aliyoijenga kwa kusikia na huenda pia kwa msaada wa kimya wa lugha aliyozaliwa nayo. Anasema “It’s me” kama anavyosema “Ni mimi”, na amepatia. Kisha mtu mwenye cheti anamwambia amekosea, tena kwa sababu ambayo mtoto hawezi kuihakiki, kwa kuwa inahusu Kilatini ambacho yeye na mwalimu wake hawakukisoma. Kuanzia hapo anajifunza kutoliamini sikio lake. Kwa mwanafunzi wa lugha ya kigeni hiyo ni hasara kubwa, maana sikio ndilo litakalomfaa siku atakapokuwa mbali na daftari.

Madhara hayaishii kwenye “It is I”. Mtoto akisema “Me and Juma went to the market”, anasahihishwa aseme “Juma and I”. Katika maandishi rasmi “Juma and I went” ndiyo inayotakiwa, na hilo silipingi. Ninachokipinga ni namna ya kusahihisha. Mara nyingi mtoto haambiwi kwamba hapo wawili hao ni kiima. Anaambiwa kwamba kujitaja kwanza ni kukosa adabu, na kwamba “me and” ni lugha ya mitaani. Fikiria mgeni aje Unguja atangaze kwamba “mimi na Asha” ni utovu wa heshima kwa kuwa kwao hujitaja mwisho. Nani angemsikiliza? Lakini mtoto darasani hana budi kusikiliza, na anachokipata ni kwamba “and I” ni usomi na “and me” ni ushamba. Baada ya miaka michache anaandika “The headmaster punished Juma and I”, anaandika “between you and I”, na anajiona ameandika kwa heshima. Kosa hilo amelipata kwetu.

Halimpati yeye peke yake. Bill Clinton, katika kampeni za mwaka 1992, aliwaomba Wamarekani wawape nafasi “Al Gore and I”. Barack Obama, alipochaguliwa mwaka 2008, alisema Rais Bush amewaalika “Michelle and I”. Mmoja alisomea sheria Yale, mwingine Harvard. Hao si watu waliokosa shule. Ni watu walioonywa sana shuleni kuhusu “me”.

Hata hivyo sitawatupia walimu lawama yote, kwa sababu “between you and I” ni ya zamani kuliko sheria yenyewe. Imo katika barua ya Antonio ndani ya The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare ya miaka ya 1590, zaidi ya karne moja kabla Lowth hajazaliwa. Inaonekana kiunganishi “and” kina tabia ya kulegeza uhusiano wa kiwakilishi na kitenzi au kihusishi kinachokitawala. Mwanasaikolojia Steven Pinker, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu silika ya lugha, alitetea kwamba kinachotawaliwa ni jozi nzima, wala si kila mmoja aliyemo ndani yake. Hoja hiyo haina ugeni kwetu. Tukisema “Juma na Asha wamekuja”, wingi ni wa wawili kwa pamoja. Juma hana wingi, wala Asha hana. Sarufi kubwa ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, iliyotolewa na Cambridge mwaka 2002, inakiri kwamba wapo wasemaji wengi wa Kiingereza sanifu wanaotumia “and I” namna hiyo bila kuyumba.

Mimi katika maandishi rasmi bado nasahihisha “punished Juma and I” iwe “punished Juma and me”, kwa sababu ndiyo desturi ya maandishi na msomaji makini ataiona. Lakini nasahihisha kwa njia isiyomvunja mtoto. Namwambia amwondoe Juma, asome sentensi iliyobaki. “The headmaster punished I”: sikio lake linakataa papo hapo. “Me went to the market”: nayo inakataliwa. Akimrudisha Juma, anajua la kuandika. Njia hii haihitaji sheria ya “is”, haihitaji Kilatini, na inamthibitishia kwamba alichokuwa nacho masikioni tangu mwanzo kilifaa.

Kuhusu “than”, mahali pengine ambapo “I” na “me” hugombaniwa, naweza kupita haraka. “Taller than me” ndiyo lugha ya kila siku, “taller than I” ni ya maandishi mazito, na anayetaka usalama aandike “taller than I am”, ambayo haina mgomvi. Inatosha kukumbuka kwamba Lowth mwenyewe, aliyetaka “than I”, ilimbidi aiachie “than whom”, kwa kuwa waandishi wakubwa, mshairi Milton akiwamo, waliitumia. Nayo “whom” mwanaisimu Edward Sapir aliitabiria kifo mwaka 1921. Alisema ndani ya miaka mia mbili hivi hata mwanasheria msomi kuliko wote hatauliza “Whom did you see?”. Nusu ya muda huo imepita, na katika mazungumzo swali hilo limekuwa adimu. “Whom” inaishi zaidi baada ya kihusishi, kama katika “to whom”. Hapo tuifundishe. Penginepo tusimchoshe mtoto.

Linabaki jibu la mwisho la watetezi, nalo ni zito kuliko mengine: mtihani. Mzazi atauliza, mwanangu akiandika “It’s me” na msahihishaji akataka “It is I”, nani atamlipia alama iliyopotea? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba mitihani hutungwa na watu, na wengi wao ni wasomaji wa makala kama hii. “It is I” ipo katika Kiingereza, na mwanafunzi wa sekondari aitambue anapoikuta katika Biblia, katika tamthilia, au kwa Mmarekani wa adabu za zamani anayejibu simu kwa “This is she”. Aifahamu kama anavyoifahamu “thou”. Aambiwe ni umbo la lugha nzito, linalozidi kuwa nadra. Lakini kuiwekea “It’s me” mkasi ni kumfundisha mtoto uongo kuhusu lugha tunayodai kumfundisha. Mtungaji wa mtihani mwenye shaka afungue sarufi ya Huddleston na Pullum, au ile ya Randolph Quirk na wenzake ya mwaka 1985. Hatakuta humo kwamba “It’s me” ni kosa.

Kwa hiyo swali la kumtaka mtoto ajaze nafasi baada ya “It is” kwa kuchagua kati ya “I” na “me” liondolewe kwenye karatasi za mitihani, na liondolewe kwenye vitabu vya mazoezi vinavyouzwa kwa wazazi. Mahali pake yawekwe maswali yanayopima tofauti iliyo hai: “The teacher gave Juma and … a book”, na “Juma and … were late”. Anayejaza “me” katika la kwanza na “I” katika la pili apewe alama zake zote, na akiandika “It’s me” katika insha yake, kalamu nyekundu ipite bila kugusa.